Majivu ya Jikoni kwa Bi Zuhura

Wengi wenu mmeniuliza, mmoja mmoja, kilichotokea kule mtoni hadi nikarudi na alama nyeusi kwenye paji la uso iliyokataa kutoka kwa sabuni. Kila aliyeuliza nimempa kipande tofauti, kutegemea siku hiyo nilikuwa na haraka kiasi gani. Sasa nimekaa. Naandika yote, msomeane wenyewe.

Shangani

Mnajua mimi si mtu wa kutulia. Shule niliiacha darasa la sita, na si kwa kukosa akili. Dirisha la darasa lilitazama barabara. Tangu hapo nimebeba magunia ya korosho bandarini, nimekusanya chumvi, nimepaka rangi nyumba za watu. Kalenda sina. Lakini nimegundua kwamba nikijaribu kukumbuka nilikuwa wapi, nakumbuka kwa sikukuu. Majilio moja, majuma yale ya kungoja Noeli, nilikuwa juu ya magunia ghalani, mvua za kwanza zikigonga bati, nikisubiri lori ambalo halikuja. Noeli moja ilinikuta kwenye mashamba ya chumvi, kila kitu cheupe kama mavazi ya padri siku ile. Pasaka nyingine nilikuwa njiani alfajiri, nikasikia kengele ya kanisa nisiloliona, nikasimama mpaka iliponyamaza. Mwaka wa Kanisa ulikuwa ukinifuata nyuma kama mbwa asiye na mwenyewe, nami sikuwahi kugeuka kumwita.

Mwaka huu nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwa Mama Veronika, Shangani. Mumewe, Mzee Kosmas, alikuwa katekista wa kigango kimoja karibu na mdomo wa Ruvuma, kanisa dogo la udongo lenye familia chache za Kikristo katikati ya vijiji vya Waislamu. Alipougua aliletwa mjini. Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, akiwa kitandani, alisuka msalaba wa ukindu kwa vidole vinavyotetemeka. Ulitoka umepinda. Mama Veronika akauchomeka juu ya mlango hivyo hivyo. Kipindi cha Pasaka hakijaisha, mzee akafariki. Maji yalikuwa yamekata njia, na mwanawe Anselmi, ambaye sasa ndiye katekista kule, hakufika kumzika. Hajakanyaga mjini tangu hapo. Mama yake akimpigia simu, anaongea habari za mpunga.

Kwa ambao si wa kwetu niwaeleze. Matawi tunayoyapunga Jumapili ile hatuyatupi. Tunayaweka nyumbani mwaka mzima, na Kwaresima inayofuata ikikaribia tunayarudisha, yanachomwa, na majivu yake ndiyo tunayopakwa Jumatano ya Majivu. Nimelifikiria sana jambo hili. Jani lililopigiwa Hosana linakaa kimya juu ya mlango, likisikia ugomvi wetu, likifukizwa na mchuzi wetu, miezi yote ile ambayo padri anavaa kijani na kanisani hakuna jipya. Kisha linakuwa vumbi, linatugusa usoni.

Kule kigangoni paa lilivuja na matawi yao yakaoza. Basi Mama Veronika akapita kwa watu wa kule wanaoishi mjini, akakusanya ya kwao, akajaza kiroba. Juu kabisa akaweka msalaba uliopinda.

"Damasi," akaniambia, "miguu yako inakuwasha, nakuona. Mpelekee Anselmi hiki. Padri atafika kule Jumatano kwa njia ya upande wa pili. Nataka msalaba wa baba yake uchomwe kule, na Anselmi mwenyewe awapake watu. Labda akiuona atalia. Huyu mtoto hajalia."

"Na asipolia, mama?"

"Basi utakuwa umetembea. Si ndiyo kazi yako?"

Mjini hadi Madimba

Jumatatu nilipata lori la saruji. Dereva alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, Bakari jina lake, na alinisogezea kiti kwa sharti kwamba nisilale, maana abiria akilala na yeye husinzia. Akakitazama kiroba.

"Umebeba nini, chepesi hivyo?"

"Matawi makavu."

"Unatoa majani mjini, unayapeleka Ruvuma?"

"Ndiyo."

"Ndugu yangu, Ruvuma wana majani mpaka yanawakera."

Nikamweleza yote, mpaka habari ya Anselmi. Alisikiliza huku akikwepa mashimo, kisha akasema kwamba baba yake alizikwa yeye mwenyewe akiwa Songea na shehena ya watu. Tulipofika penye mteremko karibu na Madimba, lori lilizama kwenye tope hadi kwenye ekseli na likatulia, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

Tulikaa pale siku nzima. Mvua ilikuwa nyembamba, ya kukaa hewani bila kuanguka, na mikorosho ilisimama ndani yake kama watu waliofunikwa mashuka. Mwanamke mmoja alitoka katikati ya mikorosho hiyo na beseni la mihogo ya kuchemsha na pilipili ya kusaga, akatuuzia, akarudi alikotoka, hata sikuona nyumba. Bakari alilala yeye, licha ya sharti lake. Nami nikaegemea kiroba. Majani yalikuwa yakisuguana ndani kila nilipopumua, sauti ndogo, kama watu wengi wanaonong'ona wasikuamshe. Nilisali Baba Yetu. Nilipofika kwenye mkate wetu wa kila siku nilisinzia, nikaamka, nikaanza tena, nikasinzia pale pale. Sijui nilisali mara ngapi nusu ya sala. Sidhani ilipotea.

Jumanne mchana trekta lilifika kulivuta lori, likazama nalo. Bakari akacheka mpaka akashika goti. "Nenda kwa miguu, Damasi. Huyo mtoto wa watu anasubiri. Mimi nimeshafika."

Kwa Bi Zuhura

Nilitembea hadi mvua ikawa mvua kweli. Kijiji cha kwanza nilichokikuta, nyumba ya kwanza yenye moshi, nikabisha hodi. Mwenye nyumba, Mzee Selemani, mkulima wa korosho na muhogo, alitokeza, akanitazama ninavyochuruzika.

"Karibu, karibu. Leo hata angekuja simba tungempa sahani."

Siku hiyo walikuwa wakivunja jungu, yaani wanakula na kufurahi kabla ya mwezi wa Ramadhani kuingia. Mwaka huu mwezi wao na Kwaresima yetu viligongana mlangoni. Nilisema ninakwenda mtoni, na kwamba nina mzigo usiotakiwa kulowa.

"Uweke jikoni," akasema. "Ndiko kukavu peke yake."

Nikauweka jikoni, penye pembe, karibu na kuni. Mke wake, Bi Zuhura, alikuwa ameinama kwenye mafiga akipuliza, macho mekundu kwa moshi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, pumzika." Nikapewa shuka kavu na jamvi barazani. Nikalala kama jiwe.

Niliamshwa na harufu. Wali wa nazi, kuku wa kupaka, samaki wa kukaanga. Majirani walikuwa wamejaa. Palikuwa na mzee mmoja aliyeketi kwa aibu ukingoni mwa mkeka, na kila mtu alikuwa akimsogezea minofu. Baadaye niliambiwa kwamba yeye na Mzee Selemani hawakuwa wakisemezana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, na amekuja jioni hiyo kuombana radhi, maana hakuna anayetaka kuingia mwezi mtukufu na kinyongo.

Bi Zuhura aliniuliza kama ni kweli na sisi tunafunga kesho yake.

"Kweli, mama. Jumatano ya Majivu."

"Mnakunywa maji?"

"Tunakunywa."

"Na chakula?"

"Mlo mmoja wa kushiba."

Akamgeukia mumewe. "Baba Somoe, sikia. Wenzetu hawa funga yao ina mlo ndani."

"Hiyo ni mapumziko ya tumbo," akasema Mzee Selemani, na watu wakacheka, nami nikacheka mdomo umejaa wali.

Mawingu yalifunika kila kitu. Wakaacha kuutafuta mwezi, wakawasha redio. Ikatangazwa kwamba umeonekana. Wakati wanapongezana, nikaenda jikoni kutazama mzigo wangu.

Kiroba kilikuwa juu ya kamba. Kilikuwa kimefuliwa. Kimeanikwa vizuri na vibanio viwili.

"Mama," nikaita, "vilivyokuwa humu viko wapi?"

Bi Zuhura alikuja akifuta mikono kwenye kanga, uso umejaa shukrani. "Mwanangu, Mungu akulipe. Kuni zote zimelowa, nimepuliza tangu alasiri mpaka kichwa kinaniuma. Nikaona mgeni katuletea majani makavu ya kuwashia moto. Nikasema, huyu kafunzwa kwao. Siku ya mvua wengine wanakuja na njaa peke yake."

Nilikaa chini pale pale kwenye kigoda. Nikamweleza. Matawi, mzee aliyekufa, mwana ambaye hakuzika, msalaba uliopinda. Kadiri nilivyosema ndivyo uso wake ulivyozidi kushuka. Alikumbuka ule msalaba. Alidhani ni kitu mtoto alichosuka akakichoka. Ndio uliotangulia kushika moto.

"Mzee Selemani!" akaita kwa sauti iliyonyamazisha baraza. "Tumepikia dini ya watu."

Hakuna aliyecheka. Yule jirani aliyekuja kuomba radhi alitua tonge lake. Mzee Selemani akaja, akayatazama mafiga, akasema taratibu kwamba mgeni hana kosa na mama hana kosa, lakini jambo limetokea. Bi Zuhura alikuwa ameshapiga magoti. Asubuhi ile, kwa ajili ya mwezi, alikuwa amezoa majivu yote ya zamani na kupaka jiko udongo mpya. Kwa hiyo majivu yaliyokuwapo yalikuwa ya mlo ule tu. Aliyasubiri yapoe, akayakusanya kwa kipande cha kifuu, hata yaliyoshika kwenye mafiga, akayatia kwenye sufuria ndogo yenye mfuniko.

"Kesho nitakwenda mwenyewe," akasema. "Siwezi kuanza kufunga na deni la mtu aliyekufa."

Bondeni

Ruvuma ilikuwa imetoka kitandani mwake. Mashamba ya mpunga yalikuwa ziwa, na ncha za mpunga zilichungulia juu ya maji kwa maili nyingi, kijani kibichi, zikitikisika zote pamoja. Tulivuka kwa mtumbwi wa jirani. Mzee Selemani alisukuma kwa mti, akinung'unika.

"Wenzangu siku ya kwanza ya funga wako kivulini. Mimi nasindikiza majivu."

"Sindikiza kimya," akasema Bi Zuhura. Alikuwa ameketi katikati, sufuria mapajani, ameifunika kwa upande wa kanga kama mtu aliyebeba mtoto.

Hakuna aliyekula wala kunywa, na mimi, kwa aibu ya mapumziko ya tumbo, nilikataa hata maji. Njaa ilipopita ukali wake ikawa kitu kingine, wepesi fulani. Upande wa kushoto mikoko ilianza, na maji yakabadilika rangi pale mto unapokutana na bahari, na kulikuwa na mahali mtumbwi ulielea juu ya mstari wenyewe, nusu kahawia, nusu kijivu, bila sauti. Nilichovya kidole, nikagusa ulimi. Chumvi kidogo. Niliwaza kwamba huenda misimu ya Kanisa inapakana hivi, mtu anavuka bila kuhisi kizingiti: jana ni kuku wa kupaka, leo ni jangwa, na mtumbwi ni ule ule.

"Huyo mzee aliyeusuka," Bi Zuhura akauliza, "alikuwa mtu wa namna gani?"

"Sikumjua, mama. Nilihamia pale ameshakufa."

Akatazama sufuria. "Basi tunambeba watatu, na hakuna anayemjua."

Akaanza kusema kitu kwa sauti ya chini, kwa Kiarabu, na mumewe akaitikia amina bila kuacha kusukuma. Nami nikasema raha ya milele umpe, ee Bwana. Sala zote mbili zilikwenda mbele yetu juu ya mpunga.

Kigango cha mtoni

Anselmi nilimtambua kabla sijaambiwa, kwa jinsi alivyosimama mbali na watu wengine. Mrefu, suruali imekunjwa, tope hadi magotini. Padri, kijana, alikuwa ameshafika. Pikipiki yake ilionekana kama iliyofinyangwa kwa udongo.

"Tumsifu Yesu Kristu," nikasema.

"Milele, amina. Mama amenipigia kwamba unakuja na msalaba wa baba." Akatazama mikono yangu mitupu.

Nilimweleza mbele ya wote. Sikujua njia nyingine. Nilipofika kwenye moto, alinyanyua mkono nisiendelee, akageuka, akashuka kwenye mashamba, akasimama ndani ya maji, ametugeuzia mgongo.

Padri alitoa kichupa mfukoni mwa koti. "Majivu ninayo ya parokiani, yamechekechwa vizuri. Ibada haitaharibika."

"Padri, mimi sikuja kwa sababu ya ibada," Bi Zuhura akasema. "Nimekuja kuomba radhi kwa mwenye baba yake."

Akaketi kwenye ngazi ya kanisa na sufuria yake. Alipewa kiti akakataa. Watu walikuja, wanawake wakamsalimu, wakauliza, wakaambiwa, wakakaa naye. Jua lilitoka mawinguni, likaingia tena. Hakuna aliyekwenda kumwita Anselmi. Nimewahi kusikia mahubiri mengi ya kusubiri, kila Majilio, na yote niliyasikia nikiwa nje ya mlango. Siku ile nilisubiri.

Anselmi alipopanda juu alisimama mbele ya Bi Zuhura, maji yakimdondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisamehe, mwanangu. Sikujua."

"Moto ulishika mara moja?"

Yule mama alishangaa. "Mara moja. Kuni zote zilikuwa zimelowa, nimekata tamaa kabisa. Nilipouweka ule msalaba tu, moto ukaruka."

"Na watu walikula?"

"Walikula. Hata jirani ambaye hatukuwa tukisemezana naye alikula."

Anselmi akaanza kucheka. Kicheko kilianza puani, kikashuka tumboni. "Baba huyo," akasema. "Mama, baba huyo kabisa! Sisi tulilala njaa siku ngapi kwa ajili ya wageni wake! Chakula kikiiva anatoka nje anaita wapita njia. Mama yetu alikuwa anapika na mlango umefungwa." Watu waliomjua Mzee Kosmas wakaanza kucheka nao, wakitajiana vituko vyake. Kisha kicheko cha Anselmi kikakatika. Akaketi kwenye ngazi kando ya Bi Zuhura, akainamisha kichwa kwenye magoti yake yenye tope, na mabega yakaanza kutikisika. Bi Zuhura hakumgusa. Alisogeza sufuria tu, ikawa katikati yao.

Baadaye Padri alisema kwa upole kwamba majivu yale yana kuni za mkorosho ndani, na vifuu, na sijui nini tena.

"Baba naye alikuwa na mengi ndani," akasema Anselmi.

Padri akafungua kichupa chake, akayamimina majivu ya parokiani ndani ya sufuria, akakoroga kwa kidole, akabariki.

Mjue kwamba tui la nazi lilikuwa limefurika mafigani wakati wa kupika. Majivu yalikuwa na mafuta. Kila aliyepakwa alinukia wali, na kanisa lote, lenye watu waliofunga tangu alfajiri, likajaa harufu ya karamu. Matumbo yalinguruma wakati wa sala. Mtoto mmoja alijilamba kidole baada ya kujigusa paji la uso, mama yake akampiga kofi dogo huku anajizuia kucheka. Padri alimpaka Anselmi kwanza, halafu wakagawana safu mbili. Anselmi aliwaambia wote maneno yanayosemwa, kwamba wao ni mavumbi na mavumbini watarudi, kwa sauti ya kawaida ya katekista.

Nilikuwa wa mwisho. Kidole gumba chake kilikuwa cheusi hadi kwenye kifundo. Mimi hakuniambia maneno yale.

"Kaka," akasema, "na wewe ulikula?"

"Nilikula."

"Ukashiba?"

"Nilishiba kabisa."

Akatikisa kichwa kukubali, akanipaka, akikandamiza sana, kama anayetaka ifike mfupani.

Nje, Bi Zuhura na mumewe walikuwa wakijiandaa kuondoka wawahi futari. Anselmi alimshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. "Hakuna deni, mama. Funga yako iwe ya kheri."

"Na yako," akasema. Kisha, kwa sababu ni mtu mkweli: "Japo ina maji."

Kurudi

Njia ya kurudi sikumbuki sana. Anselmi alikuja nami. Tulitembea tukapanda trekta tukatembea, na alizungumza habari za baba yake muda wote, mara nyingine jambo moja mara mbili. Mpunga hakuutaja.

Mama Veronika alikuwa uani, anachambua mboga. Alimwona mwanawe, akasimama, majani yakamwagika. Sitaandika walivyosalimiana. Niliingia chumbani kwangu, nikakaa kitandani bila kuvua viatu.

Jioni nilimsimulia yote, nikimsubiri akasirike. Aliuliza tu jina la yule mama. Nikamwambia. Akalirudia mara mbili, polepole. Kisha tukasali sisi watatu mbele ya mlango, ambao juu yake palikuwa patupu. Aliwataja marehemu wake, kama kila siku, akawataja walio hai. Mwishoni akasema: "Na Zuhura, na Selemani, na jirani yao, na wote walioketi kula chakula cha mume wangu." Kisha akanisubiri mimi, ambaye jioni zote zilizopita nilikuwa nikizisikia sala hizo kupitia ukuta.

"Uwakumbuke, ee Bwana," nikasema.